Haki ya Kupita Milimani

Mazungumzo yetu ya usiku huu yanahusu nchi ya Uskoti, kaskazini ya kisiwa cha Uingereza, na hasa sehemu zake za milima na mashamba, ambako watu wa kila rika na kila tabaka wana ada ya kutoka siku za mapumziko, wakatembea kwa miguu tangu asubuhi hadi magharibi, wakipanda na kushuka, pasi na biashara wanayoifuata wala mgeni wanayekwenda kumlaki. Nia yangu ni kueleza ada hiyo ilivyo na ilikotoka, na kwa nini naiona kuwa ni jambo kubwa kuliko burudani; kwani nyuma yake ipo haki iliyogombewa mahakamani na bungeni kwa zaidi ya miaka mia, na haki hiyo yafaa kujulikana na kila taifa lenye ardhi na lenye watu wa kupita juu yake.

Milima yenyewe, kwa kipimo chetu sisi tuliozoea kusikia habari za Kilimanjaro na Kenya, si mirefu. Ule unaoipita yote, Ben Nevis, una mita 1,345, na mji wa Nairobi pamoja na mabarabara yake na masoko yake umeketi juu kuliko kilele hicho. Lakini asiidharau mtu kwa sababu hiyo, maana nchi ile imejongea kaskazini mno, na upepo wa bahari ya Atlantiki huipiga bila kizuizi. Kilele cha Ben Nevis hupata mvua ya zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, na theluji ya kipupwe hujificha katika mabonde yake ya kivuli hata kiangazi kikaingia ikiwa bado haijayeyuka. Kaskazini ndiko kuliko na Nyanda za Juu zenye majabali makali na maziwa marefu membamba. Kusini, karibu na mpaka wa Uingereza yenyewe, kuna vilima vya mviringo vilivyofunikwa majani, nchi ya wachunga kondoo, isiyo na sifa kubwa kwa wageni lakini yenye upole wake.

Tuanze kusini, katika bonde la mto Nith, kwa sababu bonde hilo lina uhusiano nasi ambao si wengi wanaoukumbuka. Katika kijiji cha Penpont, mwaka 1858, alizaliwa Joseph Thomson, mtoto wa mchonga mawe, ndiye huyo ambaye swala wadogo wa mbuga zetu, swala tomi, wameitwa kwa jina lake. Mwaka 1879, msafara uliotumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ulipotoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, na mkuu wake Keith Johnston akafariki njiani, kijana huyu wa miaka 21 ndiye aliyeachiwa uongozi, akitegemea hekima ya mnyapara wake James Chuma, ambaye ujuzi wake wa njia na wa watu ulikuwa umekwisha kujaribiwa katika safari nyingi kabla ya hiyo. Thomson alisifiwa kwa wepesi wa mwendo wake, na wepesi huo aliupata utotoni, katika kuzunguka vilima vya nyumbani kwao.

Mtu atokaye katika vijiji vya bonde hilo leo hupita kwanza njia nyembamba ya lami, baina ya kuta za mawe yaliyopangwa pasi na chokaa wala saruji, akafungua lango la shamba, akalifunga nyuma yake, akaingia malishoni. Kondoo humwinulia vichwa, kisha wakarudia majani yao. Njia hufuata kijito ambacho maji yake yana rangi ya chai isiyotiwa maziwa, kwa kuwa yamechujwa katika udongo mweusi uliofanyika kwa mimea iliyolala majini karne baada ya karne, udongo ambao watu wa kale waliuchimba, wakauanika, wakaufanya kuni. Juu zaidi miti hukoma, vikaanza vichaka vifupi vya kufika magotini, ambavyo mwezi wa Agosti huchanua maua ya zambarau yakaifunika milima pande zote. Na huko, pasipo na mvumo wa gari wala sauti ya mtu, hubaki upepo, na mlio wa ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, na hatua za mwenye kutembea. Tangu mwaka 1984 ipo njia maalumu inayovuka nchi hii yote ya kusini, kutoka Portpatrick katika pwani ya magharibi hadi Cockburnspath katika pwani ya mashariki, mwendo wa kilometa 340 hivi, nayo hupita Wanlockhead, kijiji kilicho juu kuliko vijiji vyote vya Uskoti, ambako zamani ilichimbwa risasi.

Mwenye kuvuka kwenda Nyanda za Juu za kaskazini hukutana na jambo jingine, nalo ni ukiwa. Mabonde mapana, yenye mito na majani mazuri, hayana watu. Na atazamaye kwa makini ataona misingi ya nyumba katika nyasi, na mistari ya matuta ya zamani ubavuni mwa vilima, akajua kwamba anapita katika mahame. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, makabaila wenye ardhi waliwatoa wakulima na wafugaji waliokaa humo vizazi kwa vizazi, ili waingize kondoo, ambao sufi yao ilikuwa na faida kuliko kodi ya maskini. Katika bonde la Strathnaver, huko Sutherland, mwaka 1814 na tena mwaka 1819, nyumba zilitiwa moto ili wenyewe wasirudi. Wengine wakasukumwa pwani penye mawe na upepo, wengine wakapanda majahazi kwenda Kanada, wasiione tena nchi yao. Nalitaja jambo hili kwa sababu mgeni huusifu upweke wa milima ile na kuudhani kuwa ni kazi ya maumbile peke yake, ilhali sehemu kubwa ya upweke huo ni dhuluma ya wanadamu, na atembeaye humo inampasa aijue.

Kisha zama zikageuka. Bei ya sufi ikashuka, na matajiri wa miji wakaingiwa na shauku ya kuwinda ayala, wale wanyama wakubwa wenye pembe za matawi. Na shauku hiyo ikazidi baada ya Malkia Victoria na mumewe kununua makao ya Balmoral mwaka 1852, hata kuwa na milima ya kuwindia ikawa alama ya cheo. Ayala hutishika upesi kwa harufu na sauti za watu, kwa hiyo wenye milki wakaweka walinzi, wakafunga malango, wakawarudisha wapita njia. Hivyo nchi iliyokwisha kuondolewa wakazi ikataka kuondolewa hata wasafiri. Na ugomvi wenyewe ulikuwa umekwisha kuanza hata kabla ya Balmoral kununuliwa.

Mwezi wa Agosti mwaka 1847, John Hutton Balfour, mwalimu mkuu wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikuwa akishuka na wanafunzi wake katika bonde la Glen Tilt, wakikusanya majani na maua, walipozuiwa na Duki wa Atholl mwenyewe pamoja na watumishi wake, wakaambiwa warudi walikotoka. Maneno yakawa makali, na mwisho mwalimu yule na vijana wake wakaruka ukuta wakaenda zao. Lakini jambo halikuishia pale. Jumuiya ya kutetea njia za umma, iliyoundwa Edinburgh mwaka 1845, ililipeleka shauri mahakamani, na njia ya Glen Tilt i wazi hata leo.

Shauri lililo kubwa zaidi lilikuwa la Glen Doll. Tajiri mmoja, Duncan Macpherson, aliyepata mali yake Australia, aliinunua ardhi hiyo akaifunga njia ya kale iendayo Braemar kwa kuvuka uwanda wa juu wenye baridi na dhoruba. Jumuiya ile ikamshtaki. Mashahidi hawakuwa mabwana wala maulamaa. Walikuwa wachunga kondoo na wachunga ng'ombe, watu wazima waliosimama mbele ya majaji wakaeleza kwamba wao, na baba zao kabla yao, walipitisha mifugo yao njia ile kwenda sokoni, wala hawakumwomba mtu idhini. Sheria ya Uskoti wakati ule ilikuwa ikisema kwamba njia iliyopitwa na umma kwa muda wa miaka 40 bila ya kukatizwa ni njia ya umma, na kwa hiyo hoja ya wazee wale ilikuwa ni miguu yao wenyewe. Mahakama ya Edinburgh iliwapa haki. Macpherson akakata rufaa hadi Baraza la Malodi mjini London, na mwaka 1888 akashindwa. Gharama za kesi ziliwaelemea washtaki na mshtakiwa pia, lakini njia ikabaki, na hata leo yaitwa kwa jina la mmoja katika wachungaji, Jock Winter.

Hata hivyo kuokoa njia moja baada ya moja hakukutosha, maana milima ni mipana na njia ni chache. Mbunge James Bryce, mwanachuoni aliyependa kupanda milima, alipeleka bungeni mwaka 1884 mswada wa sheria ya kumruhusu kila mtu kutembea katika milima na nyika zisizolimwa, kwa ajili ya mapumziko, au ya uchunguzi wa elimu, au ya sanaa. Mswada haukupita, ukarudishwa tena na tena, nao haukuwa sheria hata mara moja.

Lakini yale mambo matatu aliyoyataja Bryce hayakuwa mapambo ya maneno, na milima ya Uskoti ina ushahidi wake. Kwa upande wa elimu, mwaka 1774 mnajimu mkuu wa Mfalme, Nevil Maskelyne, alipiga kambi katika mlima wa Schiehallion, akapima jinsi uzito wa mlima ule unavyoivuta kidogo timazi kutoka katika wima wake, na kutokana na vipimo hivyo dunia ikakadiriwa uzito. Naye Charles Hutton, aliyefanya hesabu zenyewe, akaunganisha kwa mistari mahali pote palipolingana kwa kimo, na mistari ya namna hiyo sasa imo katika kila ramani ya milima. Mwaka 1894 kijana C. T. R. Wilson alikaa majuma machache katika kituo cha kuchunguza hali ya hewa kilichokuwa kileleni mwa Ben Nevis, akastaajabia pete za rangi ambazo jua lilizitia katika ukungu. Akarudi maabarani kutaka kujitengenezea mawingu, na mwisho akaunda chombo kilichowaonyesha wataalamu mapito ya chembe ndogo kabisa za maumbile, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Na kwa upande wa sanaa, mwalimu wa Aberdeen, Nan Shepherd, aliyeizunguka milima ya Cairngorm maisha yake yote, aliandika kitabu chake, The Living Mountain, wakati wa vita kuu ya pili, kikakaa katika mtoto wa meza hadi mwaka 1977 kilipopigwa chapa. Na sasa sura yake imechapwa katika noti ya pauni tano ya benki moja ya Uskoti. Lau milango ya milima ingalifungwa yote, faida za namna hii zingalibaki kuwa za wenye milki na wageni wao tu.

Haki aliyoitaka Bryce ilikuja baada yake. Bunge la Uskoti liliporudishwa mwaka 1999, moja katika kazi zake kubwa za mwanzo ilikuwa ni sheria ya ardhi ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika kwa wapita njia mwaka 2005. Kwa sheria hiyo kila mtu ana ruhusa ya kupita katika karibu ardhi yote na maji yote ya bara ya Uskoti, kwa miguu, kwa baisikeli, kwa farasi au kwa mtumbwi, mchana na usiku, na kulala hema kwa muda mfupi akiwa na wenzake wachache, bila ya kumwomba mwenye milki. Zimetengwa nyumba za watu pamoja na nyua zao, mashule, mashamba yaliyokwisha kupandwa mazao, na mahali pengine pachache. Wala ruhusa hiyo haimpi mtu haki ya kuwinda, kuvua samaki au kuingia kwa gari.

Nanyi mtaniuliza: je, uhuru mkubwa namna hii hauzai fujo? Jawabu ni kwamba sheria yenyewe imeufunga uhuru kwa sharti, nalo ni adabu. Asiyekuwa na adabu hana haki hiyo. Adabu zake zimeandikwa zikatangazwa kwa watu wote, na jumla yake ni tatu: kuheshimu maslahi ya wengine, kuyatunza mazingira, na kila mtu kuibeba dhamana ya vitendo vyake. Lango ulilolikuta wazi liache wazi, na ulilolikuta limefungwa lifunge. Miezi ya Aprili na Mei, kondoo wanapozaa, mbwa asifunguliwe karibu nao, kwani mbwa mmoja aliyesahauliwa na bwana wake aweza kumtia mfugaji hasara ya mwaka mzima. Siku za kuwinda ayala, mwisho wa kiangazi na mwanzo wa baridi, mwenye busara huuliza kwanza wawindaji wako upande gani, akashika njia ya upande mwingine. Na uwindaji huo si anasa tupu, kwani ayala wakizidi huila kila miche michanga, na misitu isirudi tena. Moto usiwashwe penye ukavu, na takataka zirudi mkobani.

Palipokosekana adabu hiyo, haki imepungua. Kandokando ya Loch Lomond na maziwa ya jirani, ambako watu walifika kwa magari, wakakata miti, wakaacha mahema na chupa, mamlaka ya hifadhi iliweka mwaka 2017 kanuni za kuzuia kupiga kambi bila kibali kutoka Machi hadi Septemba. Wakulima wengi wa milimani ni watu wa kipato kidogo na kazi nyingi, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa. Anayetetea haki ya kupita asipotetea pia haki ya mfugaji, atakuwa amebadilisha tu mahali pa dhuluma.

Ile adabu ya tatu, ya mtu kuibeba dhamana ya vitendo vyake, ndiyo nzito kuliko zote, maana milima ile, pamoja na ufupi wake, huua. Asubuhi huwa kweupe, na adhuhuri ukungu ukaziba hata mtu asione ncha ya bakora yake. Mwezi wa Desemba jua hutoka karibu na saa tatu za asubuhi, likazama kabla ya saa kumi, na aliyechelewa kileleni hushukwa na usiku. Mwezi wa Novemba mwaka 1971, katika uwanda wa juu wa Cairngorm, vijana sita waliotoka na shule moja ya Edinburgh walifariki katika dhoruba ya theluji, na msiba huo ukaifundisha nchi nzima kwamba kiongozi wa matembezi lazima awe amesomea kazi yake. Kwa hiyo mwenye kutoka huchukua ramani na dira, akajua kuzisoma. Huchukua nguo za kuzuia mvua, chakula cha akiba na taa. Na huwaachia watu wa nyumbani habari ya njia atakayopita. Akipatwa na ajali, watakaomfuata usiku katika mvua wengi wao ni wanavijiji wa kujitolea, mafundi na walimu na wachungaji, wasiomdai aliyeokolewa hata senti moja.

Mwaka 1891 Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya vilele vyote vinavyozidi futi 3,000, na orodha hiyo, ambayo leo ina vilele 282, imewatia watu hamu ya kuvimaliza vyote. Hamu hiyo imezaa mapenzi ya nchi, lakini pia imechimba makovu katika udongo laini, na sasa mafundi hupanga mawe moja moja juu ya njia zilizochimbika ili mvua isizibomoe. Kadhalika vipo vibanda vya mawe, nyumba za wachungaji waliokwisha kuondoka, ambavyo chama kilichoundwa mwaka 1965 huvitengeneza kwa mikono ya wanachama wake, vikaachwa bila kufuli, alale humo yeyote aliyeshikwa na giza.

Alhasili, wasikilizaji wangu, haki ya kupita haikuletwa na matajiri wala haikutoka mbinguni. Ilishuhudiwa na wachungaji waliosema kweli mahakamani, ikatetewa na walimu na wabunge waliovumilia kushindwa mara nyingi, na inalindwa leo na kila mtu anayefunga lango nyuma yake. Nami hukumu yangu ni kwamba sheria ile ni miongoni mwa sheria njema zilizoandikwa katika zama zetu, kwa sababu imemwacha mwenye milki na milki yake, ikamrudishia mtu wa kawaida nchi yake. Haimwulizi mtu uraia wala asili. Ninyi ndugu zetu mnaosoma au mnaofanya kazi Edinburgh, Glasgow, Aberdeen na Dundee, haki hiyo ni yenu pia, na kutoka katikati ya Edinburgh basi la mjini hukufikisheni katika vilima vya Pentland kwa nauli ndogo. Tokeni mwende, mchukue ramani na nguo za mvua, msalimieni mchungaji mtakayekutana naye, na muwafundishe watoto wenu adabu za njia. Kwani haki hii ilipatikana kwa kutembea, na kwa kutembea ndivyo itakavyodumu.